Kitambaa cha Mama Yenu na Kisanduku cha Intaneti

Mercyline na Okelo,

Chai iko kwa thermos. Mbwa ameshakula, asiwadanganye.

Mercy, jaribu tena kutuma ile fomu ya chuo, laini haitakatika. Halafu umwombe ndugu yako msamaha, hakugusa waya wowote. Mlivyofokeana asubuhi niliona aibu.

Mlipotoka nilishika kile kisanduku cha intaneti, kikanichoma kama sufuria. Kumbe kimekuwa kikijizima kwa joto, na ni mimi niliyekifunika na kitambaa cha mama yenu, kile cheupe cha maua ya manjano. Kila Jumamosi nakifua, nakirudisha. Mnakumbuka tukiishi kota za reli? Mama yenu Awuor hakuacha kitu uchi: redio, tivi, hata mtungi wa maji. Alisema vumbi la ziwani haliombi ruhusa. Basi hiki kitu kipya kilipoingia nyumbani, niliona vibaya kwamba hayupo kukifumia kitambaa chake.

Sasa kisanduku kiko juu ya kabati, wazi, karibu na dirisha. Mtu asikifunike tena, hata mimi. Okelo, leo umepona, lakini ile siku uliuchomoa waya wake ndio upige pasi nilikuona.

Kitambaa ~~nimekiweka kwa sanduku la nguo zake~~ hapana, nimekirudisha juu ya redio yake. Ile haijawaka tangu atuache, haiwezi kupata joto.

Baba