Paa la Pikapu Yetu

Dzaleka, Jumapili

Papa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: jana sikwenda mazoezi ya kwaya. Nilikuja huko mjini, Area 47, unakofanyia kazi, kukuonyesha matokeo yangu ya mtihani.

Hapa kambini tuko wazima. Mdogo wangu Christian ameota jino. Mama bado anapeleka nguo anazoshona sokoni kwa kabaza, baiskeli ya kukodi. Wiki iliyopita baiskeli ilianguka, magauni ya ubatizo yakaingia matopeni. Hakukulaumu, kwa sababu ulisema pikapu iko gereji Kanengo, injini imekufa.

Injini haijafa, Papa. Nilikuona ukiingia nayo uani kwenye nyumba nisiyoijua. Nilijificha nyuma ya ukuta nikamtazama fundi akikata paa la pikapu kwa msumeno wa umeme, ili aweke dirisha la kioo.

"Mvua ikiingia usinililie, patron," alisema.

"We kata tu. Mutoto wangu anataka kuona mbingu."

Nilisubiri hadi kioo kikakaa. Mtoto nisiyemjua akatoka ndani ya nyumba, akapanda kwenye kiti cha pikapu, akatoa kichwa juu. "Papa, unishike miguu." Ukamshika, ukacheka.

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Mama aliuza vitenge vyake vyote ili pikapu ile inunuliwe.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilimsomea Mama barua yote. Alisimamisha cherehani, akaniomba nirudie pale mtoto anapokuita Papa. Nikarudia polepole. Sasa naiweka barua kwenye bahasha.

Mimi, Solange,
mtoto wa Antoinette