Majibu Niliyomjazia Abby

Mwakingali,
Voi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Ndanu,

Pokea salamu nyingi za dada yako Nthambi. Hujambo huko Doha? Joto la huko mnalivumiliaje, na mgongo wako umepoa? Mama yuko Sagalla, anatembea vizuri, ila maji ndiyo shida. Wiki ya pili sasa analetewa na bodaboda. Mimi mwilini sijambo. Rohoni situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, nikiinuka kila baada ya mistari miwili, natangatanga kama kuku anayetafuta pa kutagia. Atakuletea Danson, anarudi kazini keshokutwa. Kwa simu ningelia tu, usielewe kitu.

Ni huyu binti yangu Abby. Unajua Januari daktari alisema ana sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama. Basi Aprili kliniki ikamwingiza kwenye utafiti wa chuo kimoja. Kila Ijumaa kijana anajibu maswali kwenye simu: amelalaje, amekulaje, moyo umemwenda mbio mara ngapi. Majibu yanaingia kwenye kompyuta iliyofunzwa kwa majibu ya vijana wengi waliotangulia, nayo inakisia nani kati ya hawa wenye sonona atashikwa na wasiwasi mkubwa, ili asaidiwe mapema. Nilifurahi sana. Nikasema afadhali mashine, haina mdomo.

Kumbe anayesoma majibu ni muuguzi Jedidah, ninayeimba naye kwaya kanisani! Ijumaa nilipolijua hilo, Abby alikuwa amegeukia ukuta, akaniambia, "Jaza unavyoona, mama." Nami nikajaza vile tunavyojibu watu mlangoni pa kanisa: hakuna shida, tunashukuru Mungu. Moyo kwenda mbio, hata kidogo. Hofu, hata kidogo. Wiki sita, Ndanu! Sikutaka Jedidah anitazame kwa huruma katikati ya wimbo.

Kompyuta ikaamini. Ikamweka Abby kwa wale wa hatari ndogo, na badala ya kuonwa kila wiki akapewa tarehe ya Septemba.

Jumanne, kwenye mtihani wa hesabu, alishindwa kupumua. Akamwambia mwalimu anakufa. Nilipofika shuleni alikuwa sakafuni ofisini, ameshika mguu wa meza. Jamani, mimi nilijua kwamba halali. Nilimsikia akizunguka chumbani. Nilijua, mdogo wangu, na bado nikajaza hata kidogo.

Jumatano nilienda na Abby kliniki kwa Jedidah nikamwambia yote. Nilingoja anigombeze. Alisema tu kuna wazazi wengine wawili waliofanya hivyo hivyo, kisha akampa Abby simu na kunitoa nje. Nilikaa kwenye benchi, nikasimama, nikachungulia dirishani mpaka mfagiaji akanicheka. Dakika arobaini! Mimi nilikuwa namaliza kwa tano. Safari hii kompyuta imesema hatari ni kubwa, na Abby ataonwa kila Jumatatu.

Swali la mwisho huuliza kama kuna mtu mzima ambaye kijana anaweza kumwambia hofu ikimshika. Wiki zote hizo nilijaza "mama". Jedidah alitoka, na kwa ruhusa ya Abby akaniomba, polepole, namba ya anti yake Ndanu.

Imeniuma, sikufichi. Lakini nimeitoa. Atakupigia Ijumaa jioni. Hata ukiwa kazini, shika. Usimhubirie, wala usimwambie avumilie. Na akikuambia jambo halafu akuombe usiniambie, usiniambie. Nitakuuliza, unanijua. Nitakubembeleza, nitakasirika, nitanuna mwezi mzima. Usiniambie.

Maundu mume wangu anakusalimu, na Mama anauliza utakuja lini. Msalimie Valentine, mwenzako wa chumba. Mungu akufunike huko ugenini.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nthambi