Nimfukuzeje Ndugu Yangu Aliyefuta Mizani ya Ng'ombe?

Mpendwa Bi Najat,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku niliyopewa kujibu, na jina langu tafadhali lihifadhi kwa sababu mie ni mtu wa biashara na wateja wangu wanausoma ukurasa wako.

Mie ni fundi wa mifumo ya kompyuta, nakaa Goba, sikusomea chuo chochote, nilianza na meza ya kutengeneza simu Kinondoni mwaka 2013 nikajifundisha mwenyewe mpaka leo nina wateja wawili wakubwa, Mzee Mufaddal mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kinondoni, na Revelian mwenye kituo cha kupimia ng'ombe Vingunguti, na mifumo yao yote miwili inakaa kwenye seva yangu moja. Kila mfumo umegawanywa katika visanduku vinavyoitwa kontena, kimoja cha mizani, kimoja cha risiti, na kadhalika, na kuna programu inayoviwasha na kuvizima kwa kundi, kundi moja linaitwa projekti, na projekti inatakiwa iwe na jina. Usipoipa jina, programu inachukua jina la folda ilimokaa.

Sasa Bi Najat, kwetu mtoto hapewi jina na yeyote anayepita, siku ya saba upande wa baba ndio wanaotaja, mie mwenyewe nilikaa siku kumi na moja naitwa "mtoto" kwa sababu babu alisubiriwa atoke Tanga, na kwa heshima hiyohiyo niliwaandikia wateja wangu kwamba wao ndio wenye mali, watoe wao jina la mfumo. Mzee Mufaddal alijibu atawauliza wanawe, huu mwezi wa kumi na nne bado anawauliza. Revelian alijibu, "Upe jina zuri." Basi nikisubiri, ndani ya folda ya kila mteja nikatengeneza folda nikaiita "mfumo", ikawa mfumo kwa Mufaddal na mfumo kwa Revelian, na programu ikawahesabu wote wawili kuwa projekti moja. Hapo mie sioni kosa, ni adabu tu.

Kila nikiwasha mfumo wa Mufaddal programu ilikuwa inatoa onyo kwamba kwenye projekti hii kuna kontena yatima, yaani zipo lakini faili la folda hii halizitambui, ukitaka ziondoe. Onyo hilo nimeliona mara 41, kumbukumbu ninazo, na halijawahi kunidhuru.

Jumatatu tarehe 2 nikamwajiri mdogo wangu Talha, mtoto wa mama mkubwa, umri miaka 29, ana cheti. Jumamosi tarehe 7, saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi, nilimtuma awashe upya mfumo wa Mufaddal kabla duka halijafunguliwa, akanipigia nikiwa naendesha gari.

"Braza, inasema kuna yatima hapa."

"Safisha."

"Mizani nayo imo kwenye hao yatima."

"Mufaddal si anauza misumari kwa kilo? Itakuwa ya zamani. Talha, umekuja kufanya kazi au kunihoji? Safisha kila kinacholalamika."

Jibu la mtu aliye kwenye usukani halihesabiki. Yeye akabonyeza, na ile mizani kumbe ni ya Revelian. Kwa muda wa saa tatu na dakika 45 kituo kilikuwa kipofu, na mie dakika 90 za mwanzo niliwaambia ni mtandao. Data za zamani zilibaki salama, lakini ng'ombe wa asubuhi ile hawakuandikwa popote ni wa nani, na wengine walikuwa wameshaingia machinjioni. Revelian akanipigia: "Fundi, nimepokea ng'ombe 64, wenyewe wanadai 71. Hao saba wamezaliwa saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nina mtu mpya mzembe. Akasema Jumamosi hii niende nimweleze huyo mtu ameshaondoka, la sivyo anahama yeye.

Talha mwenyewe hakujitetea. Alisema, "Samahani braza, ni mie niliyebonyeza," akaenda kukaa Vingunguti siku mbili na daftari akiwapatanisha wenye ng'ombe mmoja mmoja, mpaka saba wa uongo wakayeyuka. Shida yangu ni mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenipa zamu yake ya upatu nikanunua kompyuta ya kwanza, na amesikia. Swali langu ni moja: nimfukuzeje Talha bila mama mkubwa kunikasirikia?

Ni mie,
Mwenye Mifumo, Goba

*

Mwenye Mifumo,

Pole. Mfanyabiashara aliyejijenga kutoka meza ya simu hadi seva anastahili heshima, nami nakupa. Imeishia hapo, sasa tuhesabu, maana hesabu unazipenda.

Folda zina miezi kumi na nne. Talha ana siku sita. Onyo umeliona mara 41, yeye aliliona mara moja, na ile mara moja alichukua simu akakuuliza. Tena alikutajia mizani! Huyo mzembe unayemtafuta, baba, kwa tarakimu zako mwenyewe hajaajiriwa tarehe 2. Kituo kizima cha ng'ombe kinamfahamu Talha kwa daftari lake, wewe ndiye hawajakuona.

Na mila usiitie kwenye kompyuta kujifichia. Mie nimezaa watoto wanne, na kila mara kabla sijatoka leba mkunga alishambandika mtoto plasta mkononi: Mtoto wa Najat. Siku ya saba ilikuwa mbali, babu yuko njiani, lakini hakuna aliyewaacha watoto wawili kitanda kimoja wote wakiitwa "mtoto". Heshima ya jina ni ya wazee. Plasta ni kazi ya mkunga, na mkunga hapo ni wewe.

Nimemuuliza Wilbert, fundi mitambo wa hapa gazetini. Anasema fungua faili la kila mteja, juu kabisa andika jina la projekti, herufi ndogo, bila nafasi: mufaddal-duka, revelian-mizani. Wakileta majina mazuri mtabadilisha. Ila anakuonya, nami nakuomba usilione onyo hili mara 41: ukibadilisha jina, programu inaanzisha kundi jipya lenye ghala tupu, utadhani data zimepotea. Kwa hiyo nakili data kwanza, fanya mchana kituo kikishafunga, na Talha akae pembeni yako akiuliza maswali. Mjibu yote. Ukiwa kwenye usukani, usipokee.

Hasira ya mama mkubwa hutaiepuka kwa kumfukuza Talha vizuri. Hakuna vizuri yake. Nenda kwake Ijumaa, mpe shikamoo, mweleze habari ya folda kabla hajaisikia kwa mwingine.

Jumamosi nenda Vingunguti na Talha. Mwambie Revelian, mbele ya Talha, kwamba folda ulizipanga wewe, amri ulitoa wewe, na mtandao haukuwa na kosa. Anaweza kuhama. Kama akihama, utakuwa umepoteza mteja mmoja na umebaki na ndugu anayeuliza kabla ya kubonyeza. Hiyo nayo ihesabu.

Umeniomba nilihifadhi jina lako, lakini bahasha nzima sikuliona. Revelian nimemjua, Talha nimemjua, hata ng'ombe nimewajua idadi yao. Wewe umeweka "Mwenye Mifumo", na Goba wenye mifumo ni wengi. Barua yako nimeiweka kwenye faili kwa jina la muda: Aliyeona Mara 41. Ukitoka kwa Revelian, niandikie lako nibandue hili.

Bi Najat