Taa ya Barazani

Mume wangu wa mbali,

Huku tunasukuma siku. Mkanda wa cherehani ulikatika, nimeweka mwingine. Mama yako macho yanazidi kufifia, kwa hiyo kila jioni nikimaliza kushona namsomea riwaya za mapenzi na uchawi. Anajidai hazipendi, lakini tukifika penye busu husema, "Mkamwana, rudia hapo, sikusikia vizuri."

Hii ya sasa ina mke wa msafiri. Kila usiku humwashia mumewe taa dirishani, asijue kwamba taa ile imerogwa. Maadamu inawaka, miaka haimgusi mume huko aliko. Hazeeki, hachoki, wala hakumbuki nyumbani. Miaka yake yote inamwangukia mke.

Jana nilipofika hapo mama aliinamisha kichwa. Nikadhani amesinzia, kumbe analia.

"Mwanangu alipiga simu lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

"Usinifiche. Yaliyofifia ni macho, si akili."

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye swichi, akaizima ile taa ya barazani uliyotuagiza tusiizime hadi urudi.

"Mama, nje giza limeingia," nikasema.

"Liache liingie. Wewe soma, tujue yule mke alifanyaje."

Kitabu tumekimaliza. Sikuambii kilivyoisha. Ila siku magoti yakianza kukuuma huko uliko, usihangaike kutafuta dawa.

Ni mimi,
niliyekuwa nakuwashia.