Bisha Mara Tatu Kabla ya Kufunga

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama anasema uvae soksi mbili. Sisi hatujambo, isipokuwa Kaka, na ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka kanuni ya pale kwenye ghala la nyama: kabla ya kufunga chumba cha baridi, bisha mara tatu, tega sikio, hesabu hadi kumi. Mwezi uliopita vijana waliwang'oa wakubwa wa zamani, Kaka akawa mwenyekiti wa kamati. Kwa mkutano mmoja wakafuta kanuni zote.

"Mnawabishia ng'ombe waliokufa?" Kaka aliuliza. Watu walicheka hadi machozi.

Mzee Mizani, mpimaji, hakucheka. "Sababu yake siijui, mwanangu. Ndiyo maana naogopa kuifuta."

"Basi kabishe kwako, mzee!" Kaka akamjibu.

Mimi nahesabu makasha pale wakati huu wa likizo. Sikutaka, lakini mkono wangu ulipanda pamoja na mikono ya wengine. Kisha nikaandika tangazo kwa Kiswahili na Kiingereza: MARUFUKU KUBISHA. Mwandiko ulisifiwa.

Alhamisi Kaka aliingia kukagua nyama. Mtu akafunga, akaenda zake. Kitasa cha ndani kiling'oka zamani.

Saa nne nilisikia kitu kikigonga. Nikajiambia ni mabomba. Kamati ilikuwa palepale ikinywa chai, nikaona aibu kuonekana mshamba. Nilifungua saa tano kasoro robo. Kaka alikuwa ameketi juu ya kasha, kope nyeupe. Anapona, ila vidole viwili havina hisia.

Jana akaniambia, "Asante kwa kunibishia, Bubu. Kila nikitaka kusinzia, unabisha mara tatu, nami najibu."

Mjomba, sikubisha hata mara moja. Wala kamati haikunyanyuka.

Sitaki wakubwa wale warudi, walitunyanyasa. Ila tulifuta jambo lililowekwa na watu tusiowajua, na hakuna aliyeuliza walikuwa wameona nini.

Kesho kwenye mkutano Kaka ataomba kanuni irudishwe. Wenzake wanasema huko ni kurudi nyuma. Nimeombwa nieleze nilivyomwokoa. Nitasimama, nitaje ile robo tatu ya saa, hata kama Kaka hatanitazama tena.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha. Mungu akutunze, na kila mlango utakaofungwa nyuma yako uwe na mtu nje anayesikiliza.

Mpwa wako akupendaye,
Bubu