Msomaji wa Pili

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yameisha kwa kusoma.

Yale mapitio ya tafiti niliyokueleza, kuhusu vidonda vya wagonjwa wasioweza kujigeuza kitandani, yanataka wasomaji wawili. Kila mmoja asome peke yake, aamue utafiti upi uingie na upi uachwe, kisha walinganishe. Nimemwambia msimamizi ninaye muuguzi aliyekaa wodini miaka thelathini na mitano, mkali kumshinda yeye. Akacheka, akakubali. Bahasha ya tafiti hii hapa, pamoja na orodha yake.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti na mimi tumeshazoeana.

Nimesoma. Namba tano iache: wagonjwa sita, maneno gunia zima. Lakini orodha yako ina tafiti ishirini na nne, bahasha ina ishirini na tatu. Namba kumi na saba iko wapi? Usinizunguke, nimehesabu mikasi ya upasuaji kabla hujazaliwa.

Shangazi yako

28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Niliificha. Inasema kusugua ngozi iliyoanza kuwa nyekundu kunaumiza nyama ya chini, kidonda kinakuja haraka zaidi. Nami nakumbuka mikono yako ikinukia spiriti ya kusugulia wagonjwa, na wauguzi wote uliowafundisha. Nilishindwa kukupa. Naiambatanisha, ila ukitaka tuiache. Hakuna atakayejua.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilikununia wiki tatu. Kisha nikaisoma tena nikitafuta kosa, sikulipata.

Nililia. Nilimkumbuka yule fundi seremala niliyemsugua nyonga asubuhi na jioni, nikishangaa mbona haponi. Alikuwa akinishukuru kila siku.

Jumatatu nimekwenda wodini, nikawakusanya niliowafundisha, nikawaambia waache. Muuguzi mkuu akanitetea: "Mama, ndivyo tulivyojua wakati ule." Nikamjibu, sasa tunajua.

Namba kumi na saba iingie. Na usinionee huruma tena kwa mgongo wa mgonjwa.

Shangazi yako

16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimelinganisha fomu zetu. Tumetofautiana kwenye utafiti mmoja tu, namba kumi na saba: mimi niliandika iachwe, wewe iingie. Utaratibu unataka nieleze tulivyoamua. Msimamizi amesoma nilichoandika, akaniuliza kama nina hakika nataka kibaki hivyo. Nina hakika: "Msomaji wa kwanza aliogopa. Msomaji wa pili ndiye aliyekuwa sahihi."

Mwanao