Wifi yako kawa Mzanzibari

Moroni

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo halijawahi kuwa zima. Wewe je? Presha imeshuka, au bado unaipandisha kwa kugombana na majirani?

Uliniringia treni yako ya kwenda Pugu kumwona mjukuu. Basi na mimi juzi nimepanda treni na wifi yako Echata, tukaenda kushinda Ntsoudjini, tumekaa dirishani kama mabwana. Haya, uongo. Visiwa hivi havina reli hata ya kuanikia nguo. Tulipanda pikapu, na penye upepo alikaa mbuzi. Lakini kwenda tumekwenda, na Ntsoudjini ni hapo tu, kaskazini ya mji.

Tangu kisiwa cha Anzuani kijitenge, vijana wa hapa wanasimamisha magari wakitafuta Waanzuani wawapeleke bandarini, warudi kwao. Vyeti hawatazami. Wanakwambia sema, ukisema wanajua, maana Kinzuani na Kingazija cha hapa havifanani. Na Echata ni wa Mutsamudu mtupu, huko huko Anzuani, miaka yote hii ulimi wake haujahama. Alijifungia uani wiki na wiki, ananuna, mpaka nikaona bora tukamatwe kuliko kununiwa. Rafiki yangu mshonaji wa Ntsoudjini akatualika chakula cha mchana. Echata akaliacha nyumbani shiromani lake, lile vazi la kujitanda la Kinzuani, akajitanda leso.

Kutoka mjini tu, tukasimamishwa.

"Bibi, kwenu wapi?"

Nikadakia, "Huyu Mzanzibari kama mimi. Lugha yenu haijui."

"Aseme ya kwao tusikie."

Sikuwahi kumfundisha Kiswahili. Alichonacho ni kile anachonisikia nikipayuka nyumbani. Akakohoa, akainua viganja, akasema kwa sauti ya maulidi: "Nani kakalia miwani yangu? Nani?"

"Anasema nini?"

Dereva, aliyewahi kufanya kazi Dar, akajibu uso mkavu, "Anawaombea dua."

"Amin," wakasema, wakatupisha.

Kwa mshonaji tulikula wali na samaki, tukacheka mpaka Echata akalia, kisha akalia kweli. "Wakinipeleka utabaki na nani, mzee? Hata kanzu yako huijui ilipo." Nikaomba mchuzi.

Kurudi, wale wale. "Bibi wa Zanzibar, tuombee tena!"

Akawapa: "Chai gani hii, maji ya kuoshea miguu!"

"Amin!"

Ila mkubwa wao hakuitikia. Alimtazama Echata, akaniambia kwa adabu, "Mjomba wangu alikaa sana Zanzibar. Akirudi kutoka kisiwa cha Mwali nitamleta kwako, azungumze na bibi." Nikasema karibuni. Ningesema nini?

Nisalimie mumeo, mwambie lile bao alilonifunga bado silitambui. Nisalimie shangazi yetu, na binti yako mkubwa mwenye mdomo kama wangu.

Sasa sikiliza. Chukua kaseti, umsemee wifi yako Kiswahili cha wanawake: kuamkiana, kulalamikia bei ya mchele, kuwasengenya waume, hapo usijibane. Sema polepole. Mpe yeyote anayekuja huku, kabla mjomba mtu hajatua. Na usiniambie huna nafasi. Ile halua uliimaliza wewe, fimbo za baba nikala mimi, nikanyamaza. Sijakudai mpaka leo. Leo nakudai: kaseti moja, pande zote mbili.

Kaka yako,
Hamadi